Viti Angavu Visitoke Jumamosi

Sogeeni karibu, wanangu, na wewe kitinda mimba zima hiyo simu, maana pumzi niliyobakiwa nayo haitoshi kusema jambo mara mbili. Ghala ni lenu, maturubai ni yenu, na vile viti mia mbili vya plastiki angavu mlivyovikuta nyuma ya maturubai nikiwa kitandani ni vyenu pia. Lakini Jumamosi, kwenye karamu mliyokwisha kuahidi kuikodishia viti, visitoke. Tangu asubuhi nasikia mkivipangua uani, kah, kah, na kila mlio unanipiga hapa kifuani. Daktari aliponiambia aliyoniambia sikuogopa. Viti naviogopa.

Mnakumbuka shangazi yenu alivyoanguka mbele ya wageni, nami nikasema, "Wifi, kiti kimeomba talaka." Watu walicheka wakashika mbavu. Nyonga yake haijapona, hapa hajakanyaga tena, nasi tukamwita mwenye kisirani.

Sikilizeni. Haukuwa uzito wake. Kesho yake nilikiinua kile kiti dirishani nikaona, pale mguu wa nyuma unapoungana na kikalio, nyufa nyembamba kama nywele, na aliyezipanda ni mimi. Wateja walilalamika kwamba viti vimefifia, basi mimi msomi wenu nikaamuru vioshwe kwa spiriti ving'ae, vikapandanishwa ishirini ishirini chini ya bati la moto. Fundi alishanionya: maji na sabuni tu, na visizidi kumi. Nikamwona hana shule. Nilivikagua vyote, vyote vina nywele zile zile. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Nikavificha, nikawadanganya kwamba vimepitwa na wakati, kwa sababu kuvivunja kungekuwa kukiri.

Mtakaponunua vingine, msinunue kwa picha. Kiinueni kiti kwenye mwanga mtazame maungio. Pandanisheni vitano muone kama mguu wa kimoja unakwaruza kikalio cha mwenzake. Kisha mwenye mwili kuliko nyote akae, aegemee, mumchekeshe. Kiti hujulikana mtu akicheka.

Mwenye karamu mpelekeeni vile viti vyetu vya zamani vya mbao. Atanuna; anune, ila wageni wake warudi nyumbani wazima. Na mkubwa wenu aende kwa shangazi, asibebe zawadi, asizunguke mbuyu, aseme, "Mama anasema alijua." Akimfukuza, asimjibu.

Ngojeni... maji kidogo. Basi.

Mungu awape macho ya kuona ufa kabla ya mgeni, na kila atakayeketi kwenu ainuke kwa miguu yake mwenyewe. Nyundo iko nyuma ya mlango. Vivunjeni vyote, msibakize hata kimoja cha kumbukumbu. Dirisha liacheni wazi, nataka kusikia. Niegemezeni kwanza... polepole. Haya, nendeni.

Mbona bado sisikii?