Jagi la Generosa na Unyusi wa Eladio

Padre, wafiwa, majirani wa San Vitoiro na nyote mliopanda kilima hiki na baridi hii ya Februari, mimi ni Uxío, familia imenituma niwasomee maisha ya shangazi yangu Generosa Outumuro, aliyetukataza mapema kulia kupita kiasi, kwa sababu, alisema, machozi yanaharibu mvinyo.

Generosa alizaliwa hapa hapa tarehe 3 Oktoba 1940, katikati ya mavuno, mama yake akitolewa shambani kikapu kikiwa bado mgongoni, akasoma shule ya kijiji hadi mwaka 1952, kisha akaingia kwenye mizabibu ya baba yake, kazi aliyoiacha mara moja tu, 1960 hadi 1963, alipokwenda Geneva kufua mashuka ya hoteli, akarudi akisema huko kila kitu ni kisafi ila mvinyo wao haucheki.

Tarehe 18 Aprili 1964 alifunga ndoa na mzee wetu Eladio Carballeda, wa ng'ambo ya mto, na harusi nusura ivunjike mezani, maana baba wa bwana harusi alileta pipa la Treixadura, zabibu inayoujaza mdomo, baba wa bibi harusi akaleta lake la Loureira, inayonukia maua, iliyotiwa Torrontés kidogo yenye ukali wa limau, na kila mzee akaapa wageni hawatagusa la mwenzake, ndipo bibi harusi akanyanyuka na shela lake, akachota huku, akachota kule, akachanganya katika jagi moja, akawamiminia wazee wote wawili katika vikombe vyeupe vya kauri. Lo! Wazee walikunywa, wakatazamana, wakanyoosha vikombe tena. Eladio alipoulizwa alisema, "Haina kitu hii," lakini unyusi wake wa kushoto uliruka, na bibi harusi akauona.

Walijaliwa mtoto mmoja, Sabela, aliyezaliwa tarehe 7 Juni 1967, na tangu hapo kila Februari, mvinyo mpya ulipotulia mapipani, Generosa alichanganya, Eladio akaonja, akasema haina kitu, akijitetea kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji, naye shangazi akimjibu, "Mdomo wako mwongo, mume wangu, ila unyusi wako haujui kudanganya."

Novemba 2023 alipatwa na kiharusi, akalazwa hospitali ya Ourense, miguu ikarudi, ulimi ukarudi, lakini pua ikafa kabisa, asisikie hata harufu ya kahawa, nasi tukadhani mvinyo wa nyumba hii umekwisha. Kumbe hatukumjua! Februari iliyofuata alimkalisha Eladio mbele yake, akamnywesha mchanganyiko mmoja baada ya mwingine, akiongeza Treixadura, akipunguza Loureira, yeye mwenyewe asionje hata tone, akimtazama usoni tu, mpaka unyusi uliporuka, akasema, "Hapo hapo, mtu asiguse." Huo ndio mvinyo mliokunywa mwaka mzima mkausifu.

Alifariki nyumbani, usingizini, tarehe 9 Februari 2025, mapipa yakiwa hayajachanganywa, kazi hiyo akiwa amemwachia Sabela, naye Sabela akaapa hataigusa, akisema, "Mimi si Mama, nitauua mvinyo wake."

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Ourense, majirani mliotupikia supu na kutuwashia moto, na wenzake wa ushirika wa wakulima waliobeba jeneza kwenye njia ile yenye matope.

Shangazi, kuna habari hujaipata. Leo asubuhi, kabla hatujakuleta kanisani, Sabela alishusha jagi lako la harusi, akachota, akachanganya, akampa baba yake kikombe. Mzee alikunywa taratibu, akafuta mdomo, akasema, "Haina kitu hii."

Lakini sisi sote tulikuwa tunatazama unyusi.

Uliruka, shangazi. Pumzika kwa amani.