Fomu Niliyoificha Mwanangu Alipokwenda Chuo

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na ninyi mlioketi nje kwenye mabenchi, najua spika inawafikia. Nina miaka sitini na tisa na magoti yangu hayapendi kusimama, lakini leo nimeyaambia yavumilie. Jambo nililo nalo si la kusemea kwenye kiti.

Wengi wenu hapa Pasiansi mnaniita Meneja. Watoto wenu wananiamkia, "Shikamoo, Mzee Meneja," nami naitikia marahaba kwa sauti nzito. Ndugu zangu, sikuwahi kuwa meneja hata siku moja. Nilikuwa karani wa stoo katika kiwanda cha minofu ya samaki. Nilitunza maboksi, glavu na mabuti ya mpira. Lakini nilivaa tai, na funguo nyingi zilining'inia kiunoni, mtu mmoja akaanza kuniita hivyo kwa utani, nami sikumsahihisha. Nikastaafu na jina hilo. Kiinua mgongo kiliishia kwenye bati za nyumba na matibabu ya marehemu mama yangu. Nikabaki na kuku, mbuzi wachache, chumba kimoja cha mpangaji, na jina. Leo naliweka chini hapa mbele yenu. Mkinikuta njiani niiteni Baba Kabula, inatosha.

Kabula ni binti yetu wa mwisho, na ndiye wa kwanza katika ukoo wetu kupata nafasi ya chuo kikuu. Siku habari zilipofika, mke wangu alipiga vigelegele mpaka mpangaji akatoka nje na povu la sabuni usoni akidhani kuna moto. Chuo chenyewe kilikuwa Dodoma.

Mama Kabula aliishia darasa la saba kule Sengerema, na kazi yake ni kuanika na kuuza dagaa mwaloni, pale wavuvi wanaposhusha samaki. Mimi nina kidato cha nne. Lakini katika suala la kumwandaa mtoto, mwenye elimu alikuwa yeye. Alimkalisha binti yake jikoni, akamwambia waombe mkopo wa serikali mapema, maana hali yetu inajulikana. Godoro asinunue jipya, akifika atafute mwanafunzi anayemaliza, atamuuzia lake. Akaanza kumfundisha kupika sufuria moja ya maharage ikamfikisha siku tatu bila kuchacha, na kuweka akiba ya nauli ya kurudi nyumbani mahali ambapo hata yeye mwenyewe ataona uvivu kuifikia.

Mimi niliwasikiliza nikacheka. "Mama Kabula, huyu anakwenda chuo kikuu, haendi kuchunga."

"Hata anayekwenda kuchunga hufungiwa chakula," akajibu bila kugeuka.

Nilipaswa kunyamaza hapo na kujifunza. Sikujifunza.

Kabula alijaza fomu ya mkopo kwenye kibanda cha steshenari, wakamchapia, akaniletea. Kurasa mbili zilihitaji sahihi yangu na mhuri wa serikali ya mtaa, kisha zirudishwe kibandani zitumwe kwa mtandao. Palipoulizwa kazi ya mzazi, mwanangu alikuwa ameandika ukweli: mzee mstaafu, zamani karani wa stoo, hana kipato cha uhakika. Nilisoma sentensi ile mara tatu. Ilinichoma kana kwamba kaandika tusi.

Nikavaa tai, nikaenda ofisi ya mtaa na bahasha kwapani. Mwenyekiti alikuwepo, na kina mama wawili wa mtaa wetu walikuwa kwenye benchi wakisubiri barua za utambulisho.

"Karibu Meneja!" mwenyekiti akasema. "Leo umetuletea mchango wa barabara? Maana sisi makabwela tukikuona na bahasha tunajua neema imefika."

Kina mama wakacheka. Mmoja akasema, "Muombe na mimi aniajiri, Mwenyekiti, nikafagie hata ofisi yake."

Ndugu zangu, mhuri ulikuwa mezani. Niliuona. Ilinibidi kunyoosha mkono tu. Lakini kunyoosha mkono kulikuwa ni kusema mbele ya watu wale kwamba sina kitu. Nikacheka nao, nikasema, "Aa, nimepita kuwasalimu tu, Mwenyekiti," nikatoka na bahasha yangu.

Nyumbani Kabula alinikimbilia mlangoni. "Baba, amegonga?"

"Tayari. Nimepitia na kibandani, yule kijana ameshatuma."

Niliyasema hayo nikimtazama usoni. Simu yake ilikuwa kiswaswadu, haina mtandao, na hata ingekuwa nao, mtoto gani anamkagua baba yake? Aliniamini. Fomu ile niliiingiza kwenye bahasha ya cheti changu cha kustaafu, chini ya sanduku langu chumbani.

Majina ya waliopata mkopo yalipotoka, alikwenda kuangalia mara moja, mara mbili, mara tatu. Akarudi akasema, "Jina langu silioni." Mimi nikapandisha sauti, "Nchi hii! Wanapeana wenyewe kwa wenyewe!" Niliwasingizia watu nisiowajua, nikakaa nikanywa chai.

Nikauza mbuzi wote na ile redio kubwa, nikalipa awamu ya kwanza ya ada. Na katika fedha hiyohiyo, Mungu anisamehe, nikanunua sanduku kubwa jekundu lenye magurudumu, ili watu wa stendi waone. Ndani yake mlikuwa na nguo nne.

Mke wangu yeye aliandaa kiroba. Wiki mbili alikuwa akianika michembe juu ya jabali nyuma ya nyumba, vile viazi vitamu vinavyokatwa vikakauka, ambavyo mtu akivichemsha na karanga anashiba mpaka jioni. Akaweka dagaa waliokaangwa wakakauka vizuri, unga wa muhogo, karanga. Ulikuwa mzigo wa mtu anayejua njaa ni nini.

Alfajiri tulikuwa stendi ya Nyegezi, na majirani kadhaa waliotusindikiza. Utingo alikuwa anapanga mizigo, akanyanyua kile kiroba, akakinusa, akapaza sauti, "Haya, michembe na dagaa wa nani hawa? Basi hili lina wasomi humu!" Watu wakacheka. Akanitazama mimi na tai yangu. "Mzee, ni wako?"

Nikasema, "Si wetu."

Mama Kabula alikuwa hatua mbili kutoka kwangu. Kabula alinyoosha mkono kidogo, kisha akanitazama, akaushusha. Basi likaondoka na sanduku jekundu, na mke wangu akajitwisha kiroba akatembea mbele yangu njia nzima.

Ndugu zangu, sikieni sasa matunda ya kiburi changu. Muhula wa kwanza alijikaza. Muhula wa pili ada iliyobaki sikuwa nayo. Akipiga simu nasema, "Vuta subira, kuna fedha zangu mahali." Hazikuwepo mahali popote. Alihama kitanda cha kulipia, akawa analala na rafiki yake kwenye kitanda kimoja chembamba, mmoja kichwa huku, mwingine kule. Akiwa na kipindi cha asubuhi, mchana anaosha vyombo kwa mama lishe ili apewe sahani ya wali. Vidonda vya tumbo vikaanza. Wakati wa mitihani alizuiwa mlangoni kwa sababu ya ada.

Akarudi bila kutuarifu. Nilikuwa nawatupia kuku pumba nikasikia, "Shikamoo, baba." Nilipogeuka, nilimtambua kwa sauti kwanza. Shingo yake ilikuwa imekonda kama ya mtoto aliyeumwa surua. Tulipoketi ndani alisema maneno ambayo nitakwenda nayo kaburini. Alisema, "Nisameheni nimewaangusha. Wenzangu ambao baba zao ni wakulima wamepata mkopo. Labda mimi sikujaza vizuri."

Ananiomba msamaha mimi! Na fomu iko chini ya sanduku, mita nne kutoka alipokaa! Nikamwambia, "Yatapita, mwanangu." Nikanyamaza wiki tano. Wiki tano, ndugu zangu! Nilikuwa nakuja hapa kanisani, natoa sadaka, naitikia amina.

Mnakumbuka ile Jumatano mlipokuja kwangu kwa maombi ya nyumba kwa nyumba, saa kumi alasiri. Mzee wa kanisa aliuliza kama kuna mwenye hitaji. Kabula akasimama. Akasema, "Naombeni mniombee. Kila ninachoomba nakataliwa. Nadhani nina mkosi."

Mkamzunguka. Mlimwombea kwa upendo, siwalaumu hata kidogo, hamkujua. "Roho ya kukataliwa, mwachie binti huyu! Toka!" Mama mmoja jasho lilikuwa linamtiririka kwa kukemea. Mwanangu akapiga magoti sakafuni akilia kwa kwikwi, akiamini kabisa kwamba ndani yake kuna kitu kichafu kinachomharibia maisha. Mzee wa kanisa akasema, "Baba mzazi, sogea, weka mkono juu ya kichwa chake. Neno la mzazi lina nguvu."

Nikasogea. Nikaweka mkono. Kichwa chake kilikuwa cha moto, na chini ya kelele zenu nikamsikia ananong'ona, "Niombee, baba."

Nilifungua mdomo nimwombee. Ndipo nikajisikia nikipiga kelele, "Acheni! Acheni, ndugu zangu! Mtoto huyu hana pepo. Wa kufunguliwa ni mimi!"

Nikaingia chumbani, nikaleta bahasha, nikampa fomu yake mikononi mbele yenu wote. Kabula aliisoma taratibu, akafika penye nafasi ya mhuri, akaniuliza, "Siku ile mwenyekiti hakuwepo?"

"Alikuwepo."

"Alikataa?"

"Hakukataa. Sikumpa."

Hakulia tena. Alikunja fomu, akatoka nje. Mke wangu ndiye aliyesema, tena kwa upole, na upole wake uliniumiza kuliko kofi: "Na mimi nimefunga siku saba nikiomba mkosi wa mwanangu uondoke. Kumbe nampikia chai kila asubuhi."

Nilidhani nitakufa kwa aibu. Sikufa, ndugu zangu! Kitu kilichonikaba miaka thelathini kiliniachia saa ileile. Asubuhi yake nilikwenda ofisi ya mtaa bila tai. Nikamwambia mwenyekiti, mbele ya watu, kwamba sina kipato, kwamba sikuwa meneja, na kwamba binti yangu amepoteza mwaka kwa sababu niliona haya kumwonyesha karatasi. Hakunicheka. Alivua miwani, akasema, "Mzee wangu, hata mimi wa kwangu anasoma kwa mkopo. Mbona hukusema tu?"

Mbona sikusema tu. Najiuliza swali hilo hadi leo.

Dirisha la maombi ya mkopo lilipofunguliwa, Kabula aliomba upya. Akapata mkopo, si wote, lakini wa kutosha ada na chakula. Amerudi chuoni, ameanza upya mwaka wa kwanza, anakaa chumba kimoja na wasichana wawili, wanapika kwa zamu. Mungu ni mwema! Lakini sitawapambia ushuhuda. Aliosoma nao mwanzo wako mbele yake mwaka mzima. Tumbo bado linamsumbua akila pilipili. Aliniambia amenisamehe, na ninaamini. Ila karatasi yoyote ya shule sasa anaipeleka mwenyewe, hanipi hata kuishika, na nikiuliza ananijibu kwa adabu, "Usijali, baba." Simlaumu. Bwana alinifungua kwa siku moja. Kwa mwanangu nadhani itachukua muda mrefu zaidi, nami nimekubali kungoja.

Nimemwomba ruhusa kabla ya kusimama hapa. Alisema, "Sema, baba. Kuna watu wana fomu mezani sasa hivi."

Basi nasema nanyi wazazi ambao watoto wenu wamemaliza kidato cha sita. Mtoto anayekwenda chuo na senti kidogo anaweza kufika salama, akiwa na mzazi mkweli. Umaskini wetu Mungu anaujua, na jirani yako anaujua pia, anakusitiri tu. Mwaminini Bwana, ndugu zangu! Atakubeba pale ambapo jina lako haliwezi kukubeba.

Ofisi ya mtaa inafunguliwa kesho saa mbili asubuhi. Mimi nitakuwa pale mlangoni. Kama una karatasi ya mtoto na unaona haya kuiingiza, njoo tu, hata usiniambie kitu. Nitatangulia mimi kuingia.