Pua Moja Aliyoiomba Dkt. Nyakio Were

Marehemu Dkt. Nyakio Were alizaliwa tarehe 14 Machi 1962 huko Kikuyu, kitindamimba wa marehemu Mzee Gerishon Waithaka na marehemu Mama Anita. Tangu utotoni alijua kilichopikwa kabla sufuria haijafunuliwa.

Alisomea elimu ya wanyama jijini Nairobi, akapata shahada ya uzamifu ng'ambo mwaka wa 1994, kisha akafundisha chuo kikuu hadi alipostaafu. Utafiti wake ulihusu ndege wa bahari kuu, ambao huruka mbali na nchi kavu na kurudi viotani kwa kufuata harufu zinazoletwa na upepo. Aliwafundisha wanafunzi kwamba ndege asiyeweza kunusa hufika akiuona ufuo, lakini katikati ya maji matupu hupotea. Kaka yake, Njuguna, mkazi wa Karen, hakuchoka kumtania kuhusu mtaa alioishi Nairobi: "Kwani Woodley kuna bahari gani?"

"Hakuna," alimjibu, "lakini uongo wako naunusa kutoka huko Karen."

Mwaka wa 1996 aliolewa na Bramwel Were, seremala wa Ngong Road. Jamaa wengi walisusia harusi hiyo. Jioni, kabla lango halijagongwa, alikuwa akisema, "Huyo ni Were, leo amepiga vanishi," na kumimina chai. Hawakujaliwa watoto. Were alifariki mwaka wa 2017.

Julai 2021 aliugua korona. Alipona, ila uwezo wa kunusa haukurudi. Akawa anaunguza chakula na kunywa maziwa yaliyoharibika. Agosti 2024 mtungi wake wa gesi ulivuja bila yeye kujua, hadi jirani, Mama Kaindi, alipougonga mlango kwa nguvu. Siku hiyo aliandika kwenye kundi la WhatsApp la familia: "Mimi sasa ni kama wale ndege wasionusa. Naomba pua moja tu hapa nyumbani. Mkipeana zamu hakuna atakayechoka."

Njuguna alijibu, "Tuko pamoja, sis." Wengine waliweka picha za mikono ya maombi. Hakuna aliyekuja kulala hata usiku mmoja.

Asubuhi ya tarehe 11 Februari 2025 aliwasha kiberiti apike uji. Jiko lote lilishika moto. Alifariki tarehe 13 katika hospitali moja ya Parklands.

Tangu jioni hiyo nyumba yake haijakosa watu. Kamati ya mazishi imekutana pale kila siku hadi viti vikapungua, na jikoni, masizi yalipokwisha kufagiliwa, pakawekwa mtungi mpya kwa ajili ya chai ya wageni. Juzi mtu alisahau kuukaza. Sebule nzima iliinuka kwa pamoja: "Gesi! Nani ameacha gesi? Fungueni madirisha!"

Ameacha kaka yake Njuguna, dada yake Veronicah, shemeji na wapwa, wote wakiwa na pua zao nzima.

Mungu ampumzishe mahali penye hewa safi.