Picha Alizobandika Mwalimu Merina

Waombolezaji wenzangu, mimi ni Fridolin, mdogo wake marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha ya dada yetu, Mwalimu Merina Anselim Tadei.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1957 upande wa Mahenge, mtoto wa pili wa mzee Anselim na mama Balbina, akasoma shule ya msingi huko huko kuanzia 1965 hadi 1971, kisha sekondari na chuo cha ualimu, na Januari 1979 akapangiwa kufundisha huku bondeni, ng'ambo ya mto pale Kivukoni. Tarehe 5 Juni 1982 alifunga ndoa na shemeji yetu Edward, wakajaliwa Edna na Viktor.

Mwaka 1993 alikwenda chuo kikuu, akachagua kuchunguza ubaguzi shuleni, na Mei 1994 akarudi na kamera mbili katika darasa lake mwenyewe, akawaomba wanafunzi wapige picha za mahali wanapokaa, kwa kuwa aliamini mtoto anayeogopa kusema anaweza kuonesha. Watoto wa wafugaji wa Kisukuma walipiga picha za sakafu na migongo ya wenzao, na Minza, binti wa miaka kumi na mmoja, alimpiga picha Merina akiwa ameyaelekea madawati ya mbele, huku nyuma yake mtoto aliyekaa chini amenyoosha mkono. Nilimkuta dada akilia na picha hiyo, akaniambia, "Fridi, miaka yote hiyo sikuwaita wajibu hata mara moja."

Agosti 1995 alizibandika ukutani kwenye mkutano wa wazazi, akitumaini wataguswa, lakini mzazi mmoja wa kabila letu alisimama akasema, "Mwalimu, hao wana ng'ombe, wakanunue madawati yao," watu wakapiga makofi, na wazazi wa Kisukuma, ambao hawakuwa wakijua kuwa watoto wao wanakaa sakafuni, wakatoka, na Jumatatu iliyofuata hakuja mtoto wao hata mmoja. Minza aliozwa mwaka uliofuata. Dada aliufungia utafiti sandukuni, na kila alipoulizwa alijibu kwamba yeye ndiye aliyewafukuza.

Aliugua figo tangu Novemba 1997, akalazwa mara tatu, akafariki Jumanne, tarehe 8 Septemba 1998.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Lumemo, walimu wenzake, na wafugaji wanne waliovuka mto jana kuja kuchimba kaburi pamoja nasi.

Nilipopeleka taarifa shuleni, nilichungulia darasa lake, nikaona watoto wa kwetu peke yao. Dada, hatuna habari njema ya kukusindikiza nayo. Pumzika kwa amani hivyo hivyo.