Hodi ya Redio

Nilikuwepo, kwa macho yangu mawili, na anayebisha aiulize kashata niliyokuwa nikiitafuna. Jumamosi ya baridi, mwaka 2006, benchi letu la mtaa wa Hockley, huku ughaibuni, nje ya karakana ya pete ya Zakariye lilikuwa na flaski moja ya kahawa na mtu mmoja asiyesema. Hapo ndipo penye ajabu, maana asiyesema ni Idarous, na kwa hadithi zake za chumvi zisizoisha jina lake la benchini ni Redio. Binti yake Raisa alikuwa amejifungua wiki kumi kabla ya siku zake. Siku tisa sasa Redio anakwenda wodini, anasimama mbele ya sanduku la kioo, anarudi hajatamka neno.

— Redio, betri zimekwisha? akauliza Zakariye.

— Ubongo wa mtoto haujakamilika, bwana. Daktari kasema maungio ya seli mengi bado hayajapevuka. Nikiongea n'taharibu.

— Subira, mzee, akasema Zakariye. Samaki mkunje angali mbichi!

— Unamkunja nani, mjukuu wangu?

Warsame, dereva wa basi aliyekulia Nairobi, akajikohoza.

— Sikizeni. Ubongo ni kama simu mpya. Unacharge masaa kumi na mbili, hakuna kugusa. Ukipiga mapema, imekufa hiyo.

— Simu wapi! akadakia Zakariye. Ni dhahabu iliyotoka motoni. Ukiipulizia tu, inapasuka.

— Basi hata kumwangalia ni hatari, akaongeza Warsame. Macho yana umeme.

Idarous akainamisha kichwa, kama macho yake yameshafanya hasara.

Mulki, mpwa wa Warsame anayesomea mambo ya ubongo chuoni, alikuwa amemletea mjomba wake glavu. Akabaki kasimama.

— Abti, akamwita mjomba wake, nani amekufunza hayo? Maungio hayo hayajaharibika, mengi yamenyamaza tu. Seli moja inabisha hodi kwa jirani: amka! Mlango upo, lakini una komeo. Hodi moja haitoshi. Zikija nyingi pamoja komeo linaachia, na jirani anaongeza milango myepesi. Baadaye hodi moja tu, anaitika.

— Na hodi zenyewe zatoka wapi? akauliza Idarous.

— Nyingine ubongo unajipigia wenyewe. Nyingine ni mguso, harufu, sauti. Manesi wamekukataza kuongea naye?

— Hapana. Wanasema niongee, polepole.

— Sasa, babu, sauti yako anaijua?

Warsame akaanza, "Kimya kingi…" akaishia hapo. Zakariye akainamisha flaski. Halikutoka hata tone.

— Mimi muongo, binti, Idarous akasema. Wote hawa wanajua. Nilitaka neno la kwanza kumwingia liwe la kweli.

— Mwambie jina lako. Hilo si kweli?

Idarous akainuka kabla hajafunga vifungo vya koti. Wodini akanawa mpaka viwiko, akapitisha mkono kwenye tundu la kioo.

— Hodi, Nasreen. Hodi. Mimi Idarous, babu yako.

Mara ya kumi hivi, vidole vyembamba kama njiti vikakishika kidole chake cha mwisho. Nesi Narinder akamwambia watoto wote hushika.

— Wote hao, akajibu Redio, hawajashika changu!

Nami nilikuwa mlangoni, nimemshikia koti. Kidole kilishikwa, wallahi. Chumvi niliyotia mimi ni kashata tu: siku ile tulikunywa kahawa kavu.