Vanessa Amechagua Jiografia

Benchi langu la kuuzia kawa, yaani kahawa, liko kando ya barabara hapa kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, na wanaolikalia nawajua kwa majina ya utani. Rénovat, aliyefundisha shule ya msingi kwao Burundi, ni Profesa. Ezira, mwenyeji aliyestaafu jeshi pale Makenke na sasa ananunua mahindi, ni Afande. Baudouin, seremala, Mkongomani mwenzangu, ni Papa Fundi. Ijumaa ile alikuja ameshika fomu ya binti yake Vanessa ya kuchagua masomo. Shule ya Mbarara ilitaka sahihi ya mzazi kabla ya saa sita mchana. Vanessa alisimama mbele yake, pikipiki ikimngoja.

— Jiografia! — Baudouin alifoka. — Nilikuambia biolojia na kemia, ukuwe infirmière, muuguzi. Bagonjwa bako kila siku. Nani atakulipa umuambie jina ya mulima?

— Papa, ndiyo somo ninaloliweza.

— Si somo hata, — Profesa akadakia. — Mvua ni ya fizikia. Mawe ni ya kemia. Watu kuhama ni historia. Kila mtu akichukua chake, jiografia inabaki gunia tupu.

— Mbaya zaidi, — Afande akasema, — ile iko somo ya majasusi. Vita ikikuja, wa kwanza kukamatwa ni ule anajua ramani. Kesho watasema huyu msichana alionyesha waasi njia.

Hapo sikucheka. Kwetu watu wameuawa kwa neno dogo kuliko hilo. Baudouin naye alibadilika uso.

— Unasikia? Mi nilikimbia na wewe mugongoni. Sitaki maneno ya mipaka mu nyumba yangu!

Vanessa alimgeukia Rénovat.

— Profesa, mvua inanyesha mlimani, udongo unaporomoka juu ya nyumba, watu wanahama. Hiyo utampa nani, fizikia ao historia? Mi nataka kujua vile yote inakutana fasi moja.

Profesa alikoroga kawa yake. Haikuwa na sukari.

— Basi! — Baudouin akasema, akaanza kuipasua fomu pembeni.

— Papa, tafadhali!

Mwanamke mmoja aliyefika kambini wiki ile alikuwa amesimama nyuma yetu.

— Samahani, bandugu. Uvira iko upande gani? Mama yangu alibakia kule. Nataka nikisali niangalie kwake.

Baudouin, mzaliwa wa Uvira huko Kongo, alionyesha barabara ya Kabingo, ambako lori la wakimbizi lilitokea lilipotuleta. Profesa alionyesha upande wa Ziwa Nakivale. Afande alitazama jua, akainua mkono, akaushusha. Wakaangaliana. Mimi pia sikujua.

— Ni kule, mama, — Vanessa alisema, akinyoosha mkono juu ya paa la kanisa. — Kusini, ukivuta kidogo magharibi. Katikati kuna Rwanda na Burundi. Lori ilituzungusha kwa mpaka wa Bunagana, ndiyo maana banafikiri ni kule kwa barabara.

Mwanamke aligeuka, akafumba macho. Midomo yake ikaanza kucheza.

Baudouin naye aligeuka. Miaka kumi na miwili alikuwa akikaa hapa ameipa Uvira mgongo.

— Kule? — aliuliza polepole.

— Kule, papa.

Aliinyoosha fomu juu ya goti, akaniomba kalamu. Alitia sahihi, akampa binti yake, kisha akarudi kutazama kule. Hata pikipiki ilipoondoka, hakugeuka.