Fahali Kwenye Tabakero ya Mkwe

Mbukwenyi, ndugu zangu. Kaeni vizuri, akina mama pakateni watoto, maana mimi nikipewa nafasi ya kusema huwa siiachii upesi. Majina sitayataja. Ninaowasema wengine wamo humu humu ibadani, na mmoja wao ana fimbo.

Mnauona mkono huu wa kulia. Vidole vinafanya kazi, lakini hapa kwenye kifundo haupindi, si juu wala chini. Niliumia kwenye kazi ya reli ya Mdachi, ile iliyopita bondeni kwenda Dodoma. Tulikuwa tumebeba chuma watu wengi, mmoja akajikwaa, mkono wangu ukabaki chini yake. Ukafungwa mbao, mfupa ukaunga, kifundo kikaganda. Nikarudi nyumbani nikashika jembe, jembe likanishinda.

Mkwe wangu akaja kututazama. Shamba majani, ghala tupu, mtoto analia. Hakunitukana. Alimchukua binti yake na mjukuu wake, na pale mlangoni akaniambia, "Mke si wa kutazamwa tu, ni wa kulishwa. Siku utakapopata kazi ya hiyo mikono, uje." Wakaondoka. Nilikaa peke yangu ndani ya nyumba yetu ya tembe nikalia, wala sioni haya kusema.

Nikaenda Mpwapwa mjini. Palikuwa na sonara, mzee wa Kiislamu ambaye babu zake walikuja na misafara. Nikamwomba nimvukutie mivukuto kwa mkono wa kushoto, anipe chakula, akakubali. Basi nikawa namtazama anavyotia nakshi kwenye shaba. Ana kichuma kifupi chenye ncha, kipini chake cha mbao kimekaa kiganjani, anakisukuma taratibu na shaba inachimbika, inatoka uzi mwembamba unaong'aa. Nikasema moyoni, hii kazi haina jembe. Nikamwomba anifundishe.

Ninyi mnadhani nakshi inaanzia kwenye nakshi. Inaanzia kwenye jiwe la kunolea. Nilinoa mpaka nikalichukia lile jiwe. Ncha ikiwa butu inateleza, ikiwa nyembamba mno inavunjika. Kisha akanipa vipande vya sufuria ya shaba iliyotoboka, nichore mistari iliyonyooka tu. Mviringo, akasema, bado. Mistari yangu ilinyooka vizuri sana. Mkono wenyewe haupindi, mstari utapindaje?

Lakini mimi nilikuwa na haraka, mke yuko kwao. Haraka haraka haina baraka, mnaijua hiyo, hata mimi nilikuwa naijua. Sonara alipokwenda msikitini nikajaribu kuchora ua. Nilipofika kwenye kona nikataka kuupinda mkono, ukagoma, nikausukuma kwa bega. Kichuma kikaruka kikaingia kwenye kidole gumba. Nikajaribu tena, kikaruka tena. Sonara aliporudi alinikuta nimekaa chini, damu kwenye shaba, nimeshakata shauri la kuondoka.

Nikamwambia, "Fundi, mkono huu umekufa. Jembe umelikataa, na hii nayo umeikataa."

Hakunipa pole. Alichukua kimfuko cha ngozi kilichojaa mchanga, akaweka shaba juu yake, akakaa kando yangu. "Mwanangu, nani amekwambia mkono ndio unaopinda? Mkono hutulia. Kinachogeuka ni shaba. Wanafunzi wangu wote nimewagombeza watulize mkono. Wewe wako umetulia wenyewe."

Nikakishika kichuma kwa mkono wa kulia, ukatulia, maana hauna jingine unaloweza. Kwa ule wa kushoto nikaigeuza shaba juu ya kile kimfuko, polepole. Ndugu zangu, nawaambia, mstari ulizunguka. Ulizunguka ukarudi ukakutana na mwanzo wake. Nilicheka mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini.

Kazi ya kwanza iliyonipendeza ilikuwa bangili ya maua, nikampelekea mke wangu. Mkwe aliipokea langoni mwa zizi, akaitazama huku na huku. "Majani," akasema. "Hata ng'ombe hawawezi kuyala." Nikarudi nayo. Njiani nilikasirika, kisha nikajiuliza: mzee huyu ni Mgogo, mimi ninampelekea maua ya pwani ya nini?

Sasa, katika mahari niliyotoa palikuwa na fahali mmoja, pembe yake ya kushoto imeshuka mpaka karibu na jicho, sikio lina alama ya ukoo wetu. Mkwe alimpenda kuliko ng'ombe wote. Sotoka, ule ugonjwa wa ng'ombe, ilipopita, ilimchukua. Mimi nilimchunga tangu akiwa ndama, sikuhitaji kuulizwa sura yake. Sonara akanipa tabakero ya shaba, kile kijikopo cha tumbaku ya kunusa, nikamchora fahali yule juu ya kifuniko. Ile pembe ni mviringo mtupu. Niligeuza shaba, nikageuza, mkono umetulia.

Mkwe alipoipokea alitaka kufungua anuse, akasita. Akapitisha kidole kwenye pembe, halafu kwenye sikio. Machozi yakamtoka, mzee yule mkali. Akawaita watu wote wa nyumbani waje waone. Kisha akanigeukia, "Fahali wangu wa mahari amerudi. Sasa nikiendelea kukaa na mke wako, mimi ni mwizi."

Tulirudi siku ile ile, mtoto mabegani mwangu. Leo wazee wa vijiji vya huku wananifuata niwachoree, kila mmoja na ng'ombe wake, na wote wanataka pembe ndefu kuliko ilivyokuwa. Ghala langu lina mtama, ingawa sikuulima. Na yale majani mke wangu anayavaa mkononi.

Namshukuru sonara. Si wa dini yetu, lakini Mungu alinitumia yeye. Namshukuru mke wangu, aliyesema kwao kwamba ana mume na haolewi tena. Nanyi mlio na kitu kilichogoma kugeuka, msikivunje kwa nguvu kama nilivyotaka kufanya. Kiacheni kitulie, mkono mwingine utafute cha kugeuza.

Mwisho namshukuru mzee mwenye fimbo. Simama, baba, waonyeshe fahali wako. Ila msimwombe tumbaku, ndugu zangu. Anaiweka kwenye kipembe chake cha zamani cha kutilia tumbaku. Tabakero ni tupu, anaogopa kumchakaza fahali.